Kabati Nyuma ya Mwenyekiti wa Fizikia

Kwa muda mrefu niliamini, tena niliamini kwa moyo wote, kwamba mtu yeyote anayeongoza Idara ya Fizikia huliwa na mionzi. Si kuliwa kwa ghafla, la. Huliwa kwa utaratibu, kama panya anavyokula gunia: kwanza nywele, halafu meno, halafu kumbukumbu, mpaka siku moja mwenyekiti anafika kwake nyumbani, mkewe anamfungulia mlango, naye anauliza, "Samahani mama, hapa ni kwa nani?"

Mionzi hiyo, niliambiwa, ilitoka kwenye kisanduku kidogo cha madini ya risasi kilichofungiwa ndani ya kabati la chuma, na kabati lenyewe lilisimama nyuma ya kiti cha mwenyekiti, kana kwamba aliyepanga ofisi ile alikuwa na kisasi na wanafizikia. Aliyeniambia ni sekretari wa idara, mama mmoja wa Meru ambaye neno lake lilikuwa na uzito kuliko mhuri wa chuo. Siku yangu ya kwanza kazini alinishika mkono wa shati, akanivuta hadi mlangoni pa ofisi ile, akanionyesha kwa kidevu.

"Unaona ile alama ya njano kwa kabati?"

"Naona, mama."

"Ukiingia, salimia, toka. Usizoee."

"Na mwenyekiti anayekaa hapo kutwa?"

Akashusha sauti. "Alipopewa kazi alikuwa na nywele kama shamba la wimbi. Mwangalie sasa."

Nikamwangalia. Haiya! Kichwa cha mwenyekiti kiling'aa kiasi kwamba taa za ofisi zingezimwa na kazi ingeendelea.

Mimi nilikuwa fundi wa karakana ya idara. Kabla ya hapo niliishi Makutano, Meru, ambako mchana nilichomelea mageti na jioni nilisoma shule ya watu wazima, hadi nikapata cheti cha kidato cha nne katika umri ambao wenzangu walikuwa wanasomesha watoto wao. Kwa hivyo chuo kiliponiajiri kutengeneza vifaa vya maabara, nilijihesabu kuwa mwanasayansi wa tatu au wa nne kwa ukubwa katika mlima huu wote. Lakini mionzi hatukuisoma. Ilikuwa mada ya mwisho kitabuni, na mwalimu wetu hakuwahi kufika mwisho wa kitabu chochote.

Hata hivyo sikuwa mjinga wa kuamini upara peke yake. Kwetu wenye upara ni wengi na hawajawahi kukaribia mionzi. Kilichonimaliza ni jambo lingine, na lilinishtua mpaka leo nikilikumbuka natafuta mahali pa kukaa.

Mimi ni mzaliwa wa Kibugu, juu kule ambako chai inapakana na msitu. Kwetu uongozi hugombewa mpaka ndugu wa tumbo moja wanaacha kusalimiana. Mwenyekiti wa kituo cha kununulia majani ya chai, kazi ambayo faida yake kubwa ni kusimama kando ya mizani na kusema "songeni mbele", nimeona wanaume wakiitafuta kwa kuchinja mbuzi. Mjomba wangu aliposhindwa uchaguzi wa kamati ya mradi wa maji, alilala kutwa nzima ameugeukia ukuta, na shangazi akapokea wageni waliokuja kumfariji wakiwa na sukari na majani chai, kama watu waliokuja matangani. Hata kikundi cha kina mama cha kukodisha sufuria na viti vya harusi kilivunjika kwa sababu wote walitaka kuwa mweka hazina.

Sasa mtu wa malezi hayo anaingia chuo kikuu na kuwakuta watu wenye digrii tatu tatu wakikimbia uongozi! Mratibu wa mitihani, wanakimbia. Mratibu wa ratiba, wanakimbia. Mlezi wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wanakimbia huku wakipiga ishara ya msalaba. Kulikuwa na mhadhiri mmoja ambaye moyoni nilimwita Mwalimu wa Joto, kwa kuwa ndilo somo alilofundisha. Huyo akisikia viatu vya mwenyekiti koridoni, aliingia karakanani kwangu na kujibanza nyuma ya mitungi ya gesi.

"Fundi, amepita?"

"Amepita, Dokta."

"Alikuwa na faili mkononi?"

"Alikuwa nayo."

"Basi bado anatafuta mratibu wa mitihani. Wacha nikae kidogo."

Mtu mzima! Mtu ambaye nilisikia alisoma Ulaya, ana gari, anatoa sadaka ya noti kanisani! Nikajiambia, wanaume kama hawa hawawezi kukimbia heshima. Lazima kuna kitu wanakijua. Na kitu chenyewe nilikuwa nimeshaambiwa na sekretari.

Katika idara ile, mtu aliyenigusa moyo kama ndugu ni mhadhiri mmoja tu, dada mwenye umri mdogo kuliko wangu, niliyemwita Mwalimu wa Mawimbi. Wengine walikuja karakanani kutafuta bisibisi. Yeye alikuja kufanya kazi. Alivaa aproni juu ya nguo zake nzuri, akashika chuma nikichomelea, cheche zikimrukia mikononi, wala hakuwahi kupiga kelele.

Alizaliwa upande wa Runyenjes, kwenye shamba la kahawa. Aliniambia kwamba utotoni mwake kengele ya kwao haikuwa ya shule wala ya kanisa, ilikuwa sauti ya mama yake akiita, "Mvua! Mvua!" na nyumba nzima ikakimbilia kiwandani kufunika kahawa iliyoanikwa kwenye meza. Kahawa iliyooshwa ikinyeshewa kabla haijakauka hushika ukungu, na jasho la mwaka mzima linauzwa kama takataka. Kwa hiyo elimu yake yote, shahada juu ya shahada, aliielekeza hapo: alitaka kutengeneza kikaushio cha jua ambacho kingekausha kahawa hata mawingu yakitanda, kwa joto lililohifadhiwa kwenye mawe chini ya sakafu nyeusi ya chuma.

Tulikuwa tumekijenga nusu, nyuma ya karakana. Kiunzi kilikuwa tayari, kirefu kama lori, kwa kukisia tu. Wakulima wa kiwanda cha kwao walikuwa wamekubali kukijaribu katika mavuno makuu.

"Fundi," alikuwa akiniambia, "msimu huu ukitupita, wale wazee hawatanisikiliza tena. Wameshaahidiwa mashine na watu wengi mno."

"Hautatupita, Dokta. Nitachomelea mpaka nilale nimeshika chuma."

"Wewe lala kwako. Mimi nataka tu tuwahi."

Mambo yalikuwa hivyo muda wa mwenyekiti wetu mwenye upara ulipokwisha. Siku ya kumpata mrithi niliitwa kurekebisha projekta, na kwa kuwa projekta ile ilikataa kupona, nikajikuta ndani ya mkutano mwanzo hadi mwisho. Walikutania katika ofisi hiyo hiyo ya mwenyekiti. Naapa wote walijazana upande wa dirishani, kwenye jua, mbali na kabati. Ni kweli asubuhi za huku zina baridi, lakini mimi nilijua wanachokimbia.

Mkuu wa kitivo, bwana mmoja mpole aliyesomea wadudu, ndiye aliyeendesha mkutano. Alisema kwa upole wake kwamba wasipompata mwenyekiti kabla ya kutoka chumbani, idara itawekwa chini ya Kemia.

Kemia! Nilisikia mtu akivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji ya mto.

Mhadhiri wa somo la sumaku akainua mkono. "Napendekeza mwenzetu wa Joto. Ana hekima, ana subira, na watoto wake ni wakubwa."

Watoto wake ni wakubwa! Nilikaribia kuangusha waya. Kumbe mionzi inafika mpaka huko?

"Nashukuru sana," akajibu wa Joto, "lakini ndugu yangu wa Sumaku ananipita kwa hekima, na yeye hana hata mtoto mmoja. Nafasi anayo tele."

"Nina presha."

"Mimi nina presha na sukari."

"Mimi nina mama mkwe," akasema mwingine kutoka dirishani, na chumba kikacheka, isipokuwa mimi. Sijawahi kuona watu wakitaja magonjwa yao kwa majivuno namna ile. Kwetu mgombea hata akiwa na mguu mmoja atakuambia ule mwingine yuko nao nyumbani.

Kisha macho yote yakageuka polepole kumwelekea Mwalimu wa Mawimbi, aliyekuwa ameketi kimya karibu na mlango.

"Dokta ni kijana," akasema wa Sumaku. "Ana nguvu." Alisema kwa ukarimu wa mtu anayegawa mbuzi wa jirani.

"Nina kikaushio," dada akajibu. "Mnajua nimefika wapi na kile kikaushio."

"Kikaushio kitangoja."

"Kahawa haingoji."

Mkuu wa kitivo akakunja miwani yake. "Basi nitawapeleka Kemia. Na matokeo ya mwaka wa nne hayatapita mpaka Kemia wajipange, maana hakuna mwenyekiti wa kuyapeleka mbele. Pengine hawatawahi mahafali."

"Mwaka wa nne wana kosa gani?" dada akauliza.

"Hawana kosa. Hawana mtu tu."

Dada akaitazama mikono yake, ile yenye alama za cheche. Nilimwomba Mungu kimyakimya amfumbe mdomo. Nilimkonyeza. Nilikohoa mpaka mkuu wa kitivo akaniuliza kama ninahitaji maji.

"Sawa," akasema. "Nitachukua."

Nimehudhuria harusi ambazo hazikupigiwa makofi kama yale. Wa Joto alisimama kabisa, akipiga makofi juu ya kichwa chake. Mwenyekiti mzee alichomoa funguo mfukoni kwa kasi ya mtu aliyekalia siafu, akazitia mkononi mwa dada yule, akatoka nje akicheka peke yake. Nilikaa juu ya kasha la projekta, nayo ikawa imeharibika moja kwa moja.

Basi yakaanza kutokea, na ndiyo maana nasema nilishtuka, kwa sababu yalitokea kwa utaratibu ule ule niliotajiwa na sekretari!

Zikaanza nywele. Mwalimu wa Mawimbi alikuwa mtu wa kusuka, nywele hazijalegea ameshakaa kwa msusi. Baada ya kushika ofisi, nikaanza kumwona na kitambaa. Leo kitambaa, kesho kitambaa, Jumapili kitambaa. Nikamwuliza sekretari, "Mama, chini ya kile kitambaa kumebaki kitu?" Akaniambia, "Mimi sitaki kujua."

Likafuata jino. Nilimkuta koridoni ameshika shavu, anazungumza na simu, simu ya pili inalia mfukoni, na wanafunzi wamempangia foleni kama wanaongoja sindano.

"Pole, Dokta. Ni jino?"

"Ni jino, lakini sina nafasi ya kwenda."

Ai! Nikahesabu vidoleni: nywele, meno. Lililobaki nikalijua.

Nalo likaja. Alipita karakanani akiwa mbioni kwenda mkutano wa kitivo, akaniuliza, "Fundi, ile nailoni ya kuezekea kikaushio, tuliwahi kuagiza?"

Nailoni yenyewe alikuwa ameiegemea! Aliileta mwenyewe kutoka Embu mjini, tukaishusha pamoja tukiimba. Nilimwonyesha kwa kidole. Akajipiga paji la uso, akacheka kidogo, akaenda.

Na ushahidi ukazidi kunisonga kutoka upande wa pili. Yule mwenyekiti mzee, aliyekuwa akiniita kwa majina ya mafundi waliokufa, sasa alikuwa amenawiri. Alinenepa mashavu. Alifundisha mwaka wa kwanza akiwa na chaki mfukoni na wimbo mdomoni, na alinisimamisha uani kuniuliza habari za ng'ombe wangu kwa rangi yake. Ametoka mbele ya kabati, kumbukumbu imerudi! Mtu angetaka ushahidi gani tena?

Kikaushio nacho kilikaa chini ya turubai. Peke yangu nisingeweza kukimaliza, maana vipimo vyote vilikuwa kichwani mwake, na kichwa chenyewe nilikuwa nimeshakiaga. Kahawa ikaanza kuiva.

Siku moja akaja mzee kutoka kiwanda cha kwao, amepanda bodaboda kutoka Runyenjes, koti limejaa vumbi jekundu. Aliikuta ile foleni mlangoni mwa mwenyekiti, akakaa kwenye benchi hadi akachoka, ndipo sekretari akamleta kwangu.

"Mwambie binti yetu kahawa imeiva," akasema. "Tunangoja ile nyumba yake ya chuma."

"Mzee, amekuwa na kazi nyingi. Wamemfanya mwenyekiti wa idara."

"Mwenyekiti?" Mzee alisimama. Uso wake ulichanua mpaka nikaona meno yote yaliyobaki. "Ati mwenyekiti? Wa chuo?"

"Wa Fizikia."

"Ngai! Na hakutuambia! Basi tumepata mtu!" Akanishika mikono yote miwili, akanitikisa. "Kahawa tutaifunika kwa nailoni kama siku zote, hiyo si neno. Tutamletea mbuzi. Kina mama watakuja kuimba. Mwenyekiti!"

Akarudi zake kwenye bodaboda akiwa amesahau kikaushio kabisa, anamweleza yule mwendeshaji, ambaye naye alianza kupiga honi. Mimi nilibaki pale nimeshika nyundo bila sababu. Watu wanamchinjia mbuzi binti anayeliwa! Niliona dunia imegeuka juu chini, na nikaamua lazima mtu afanye kitu, na mtu huyo ni mimi.

Sekretari aliniambia kwamba chuma kizito huzuia mionzi. Alijulia wapi sikumwuliza. Chuma kizito karakanani kilikuwa kimoja tu: lile bamba jeusi la sakafu ya kikaushio. Nililipima kwa macho. Lingetosha kabisa kusimama kati ya kiti cha mwenyekiti na kabati. Nikalibeba mgongoni, peke yangu, bamba ambalo wanaume wanane wangelibeba wakipumzika njiani, nikaingia ofisini wakati yuko mkutanoni, nikaanza kutoboa ukuta ili nilifunge.

Vumbi lilikuwa limejaa chumba aliporudi.

"Fundi! Unafanya nini?"

"Nakukinga, Dokta."

"Unanikinga na nini?"

Ikabidi niseme. Nikamweleza yote, nywele kama shamba la wimbi, meno, kumbukumbu, wa Joto nyuma ya mitungi, watu wenye watoto wakubwa, mashavu ya mwenyekiti mzee. Nilisema kwa pumzi moja, nikiwa nimeshika drili kifuani. Nilitarajia atacheka. Hakucheka. Alilisogelea lile bamba, akalipitishia kiganja.

"Hii ni sakafu ya kikaushio."

"Ndiyo, Dokta. Lakini afadhali kahawa inyeshewe kuliko wewe usahau kwenu."

Akaketi polepole kwenye kile kiti, mgongo ameupa kabati. Akavua kitambaa. Nywele zilikuwepo zote, nyingi, hazijachanwa. Nilishangaa kama mtu aliyeona maiti akiomba chai.

Kisha akainuka, akachukua funguo, akafungua kabati. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni. Akatoa kisanduku, kidogo kama mkebe wa majani chai, akakiweka mezani.

"Rudi, Fundi. Sikifungui, kwa sababu kanuni za maabara haziruhusu kukifungua hapa. Lakini hakili mtu. Ndani yake kuna kipande kidogo tunachofundishia mwaka wa tatu. Ni cha zamani, nguvu yake karibu imekwisha, na hii risasi inazuia iliyobaki. Mwenyekiti mzee alianza kupata upara akiwa mwanafunzi. Kaka zake wote wana upara."

"Na jino lako?"

"Lina tundu. Sijapata nafasi ya kwenda kwa daktari. Kusuka pia sijapata nafasi."

"Na nailoni uliyoisahau?"

"Siku ile nilikuwa nimetoka mkutano wa mitihani, naenda mkutano wa kitivo, na kulikuwa na mkutano wa ratiba unaningoja." Akatazama tena lile bamba. "Rudisha sakafu mahali pake. Msimu huu umeshanipita, lakini ikikaa hapa itapata kutu."

Nililiinua, na safari hii lilikuwa zito kweli. Nilipofika mlangoni nikageuka, maana moja lilikuwa bado limenikwama.

"Sasa Dokta, kama hakuna mionzi, wale wenzako wote wanakimbia nini?"

"Wanakimbia kazi," akasema. "Ukiwa mwenyekiti hupati muda wa kufanya fizikia. Ni hilo tu."